Mwalimu anataka "eleza umbo la data", niandike nini? (kilo za samaki, vyombo 25)

bint_Langoni

Assalam aleikum wadau, naombeni msaada wenu, zoezi ni la kupeleka Jumatatu na hapa nimekwama kabisa. Niko mwaka wa kwanza, takwimu kwetu ni somo la lazima hata kama kozi yako si ya hesabu, na sa hizi niko nyumbani Amu kwahivo hata wa kumuuliza karibu sina.

Tumepewa kilo za samaki walioshushwa siku moja, vyombo 25, kila chombo na kilo zake, nishazipanga kuanzia ndogo:

3, 4, 4, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 7, 8, 8, 8, 9, 9, 10, 11, 12, 13, 15, 17, 20, 24, 31, 68

Swali lenyewe: "Chora histogramu kisha eleza umbo la mgawanyo wa data hizi. Alama 6." Histogramu nimechora kwa kompyuta, nimeweka makundi ya kilo tano tano, imetoka mlima mmoja uko kushoto halafu kuelekea kulia inashuka inashuka mpaka inalala, na kule mwisho kabisa kuna nguzo moja imesimama peke yake. Sasa mimi naona hii inaegemea kushoto manake vyombo vingi viko upande wa kushoto, mwenzangu wa darasani anashikilia ni kulia, na hakuna anayekubali kushuka. La pili, alama sita kwa sentensi moja kweli? Lazima kuna vitu vingine wanavitaka na sijui ni vipi. La tatu ile 68 niitoe au niiache? Ndo inayobana mchoro wote, ikitoka nguzo zinapanuka zinaonekana vizuri.

Nawashukuru mapema.

maalim_hesabu

Wa aleikum salam mwanangu. Mwenzako yuko sawa, ni kulia. Kinachotazamwa ni mkia umelala upande gani, si mlima umekaa wapi, na watu wengi hupotea hapo hapo kwa sababu jicho linakimbilia nguzo ndefu kwanza. Kwako mkia unaanzia kilo 10 hivi unatambaa mpaka 31 halafu 68 huko, yaani upande wa namba kubwa, basi huo ni mkia wa kulia. Ungekuwa unaelekea kwenye namba ndogo, mathalan alama za mtihani rahisi ambao karibu darasa zima limepata 80 na 90 wakabaki wachache kwenye 30 na 40, huo ndo wa kushoto.

Kabla hujaendelea weka kompyuta kando uchukue kalamu. Kuna mchoro wa shina na majani, aliueneza John Tukey, mtakwimu wa Marekani, miaka ya 1970, na kwa data ndogo kama hii mimi naupenda kuliko histogramu, manake unaliona umbo na namba zenyewe hazipotei. Kushoto unaandika makumi, kulia mamoja:

0 | 3 4 4 5 5 6 6 6 7 7 8 8 8 9 9
1 | 0 1 2 3 5 7
2 | 0 4
3 | 1
4 |
5 |
6 | 8

Geuza daftari usimamishe hiyo mistari, ndo histogramu hiyo, ila ya makundi ya kumi kumi. Na tazama 40 na 50 hakuna kitu. Usiziruke ukichora, lile pengo ni sehemu ya umbo na mtahini anataka aone kwamba umeliona.

Sasa hizo alama sita. Ukiambiwa eleza umbo, kwa masomo ya mwanzo huwa wanataka useme vilele viko vingapi na viko wapi, je pande mbili zinafanana au kuna mkia, katikati ni wapi, zimetawanyika kiasi gani, na kuna kitu kimekaa mbali na wenzake. Kwako kilele ni kimoja, kiko kwenye kilo 5 mpaka 9, vyombo 12 kati ya 25 viko hapo. Mediani, yaani namba ya katikati zikishapangwa, ni ya 13 ukihesabu, ni kilo 8. Wastani ni 316 ugawe kwa 25, unapata 12.64. Hebu tulia hapo uangalie, wastani umevutwa mpaka karibu 13 na ukihesabu vyombo vilivyopita 12.64 utaona ni saba tu, yaani vyombo 18 viko chini ya "wastani". Kwa data yenye mkia kama huu wastani haumuelezi mvuvi wa kawaida hata kidogo, mediani ndo inamueleza. Hii sentensi ukiiandika kwa maneno yako mwenyewe utakuwa umeonyesha umeelewa, sio umekariri.

Mtawanyo utumie robo. Nusu ya chini, vile vyombo 12 vya kwanza, katikati yake ni 6, nusu ya juu katikati yake ni 14, kwahivo nusu nzima ya vyombo iko kati ya kilo 6 na 14, tofauti ni 8. Kompyuta ikikupa robo tofauti kidogo usishtuke, kuna njia zaidi ya moja za kuzihesabu.

Na kuhusu 68 usitoe. Nasisitiza. Namba haifutwi kwa sababu inaharibu mchoro.

mwana_wa_nahodha

Naongezea kwa maalim kwenye hiyo 68, mimi takwimu nilisoma chuoni lakini bahari ndo kazi ya nyumbani kwetu, Kizingitini.

Dadangu, hiyo namba usiiogope, iulize. Kwanza ni kosa la kuandika? Mtu alitaka kuandika 6.8 akasahau nukta? Ukiangalia zingine zote ni namba kamili hazina nukta kwahivo sidhani. Pili, ni chombo cha aina gani? Kwenye orodha yako hujaandika, au hamkupewa, na hapo ndo kuna habari yenyewe. Mtumbwi wa makasia wenye mtu mmoja na mshipi wake, na boti ya mashine yenye watu sita na jarife refu, zote zinaandikwa "chombo" mstari mmoja. Mtu mmoja akileta kilo 11 na watu sita wakaleta 68, ukigawa kwa kichwa wamelingana karibu sawa kabisa. Yaani kipimo ulichochagua, kilo kwa chombo ama kilo kwa mvuvi, kinaweza kubadilisha umbo lote. Ama si boti kubwa, ni samaki mkubwa, samsuli mmoja tu anaweza kupita kilo 30, wawili hao hesabu yako imetimia na chombo chenyewe ni kidogo tu.

Kitu kingine ambacho sijaona mtu amekigusa. Kwanini mkia uko kulia na si kushoto? Kwa sababu kilo haziwezi kushuka chini ya sifuri, huku kuna ukuta, lakini kule juu hakuna ukuta, bahari ikitoa inatoa. Vitu vingi vya namna hii vina mkia wa kulia, kodi za nyumba, mishahara, muda unaosubiri boti ijae pale gatini Mokowe. Ukikutana na data yoyote jiulize kwanza ukuta uko wapi, utaweza kukisia mkia kabla hata hujachora.

Na hapo kwenye ukuta tena, namba yako ndogo kabisa ni 3. Siku hiyo vyombo vyote vilipata? Hakuna kilichorudi bure? Kwa ninavoijua mimi bahari kuna siku chombo kinarudi na maji ya barafu tu, hasa kusi ikipamba moto, na huyo aliyerudi bure hapiti kwenye mizani kwahivo hakuna anayemuandika. Swali linasema "walioshushwa" basi kwa zoezi sawa, lakini kwenye maelezo yako weka sentensi moja kwamba data ni za vyombo vilivyoshusha samaki. Bila hivo mtu atasoma mediani kilo 8 akadhani ndo siku ya kila mvuvi, na haki ya wale waliotoka wakarudi na deni la mafuta inapotea hivihivi kwenye karatasi. Hili linaniuma ndo mana nimeliandika kirefu.

Kolekole_MLD

Salaam kutoka Malindi. Hapo juu wamesema mengi, mimi naingilia kwenye upana wa makundi kwa sababu hakuna aliyeuliza na ndo unaoleta ubishi kwenye histogramu kila siku.

Wewe umetumia tano tano ikatoka hivi, 0 mpaka 4 vyombo 3, 5 mpaka 9 vyombo 12, 10 mpaka 14 vyombo 4, halafu 2, halafu 2, halafu 0, halafu 1, kisha pengo refu na 1 kule mwisho. Vizuri. Sasa jaribu ishirini ishirini uone, inakuwa 21, 3, 0, 1. Umbo gani hapo? Nguzo moja ndefu na vumbi pembeni, ukimuonyesha mtu atakuambia inaanza juu kabisa inashuka tu, wakati ukweli ni kwamba inapanda kwanza, vyombo vya kilo 3 na 4 ni vichache kuliko vya 6 na 8. Rudi upande wa pili uweke kilo moja moja, unapata vinguzo vya 1, 2, 2, 3, 2, 3, 2 na mashimo kibao, mtu anaanza kusema kuna vilele viwili na hakuna kitu kama hicho, ni bahati ya namba tu.

Kuna kanuni ya Sturges ya mwaka 1926, unachukua 1 ukijumlisha logi ya idadi yako kwa kizio cha 2. Kwa 25 inakuja 5.6, sema makundi 6, kutoka 0 mpaka 71 kila kundi kilo 12. Ukichora unapata 17, 5, 2, 0, 0, 1. Mkia unauona, pengo unaliona, lakini kile kilele cha 5 mpaka 9 kimemezwa ndani ya nguzo ya kwanza. Kanuni ile iliwaza data zenye pande mbili zinazofanana, kwa data yenye mkia mrefu inakupa makundi machache mno. Programu nyingi za kompyuta zinakuchagulia upana kwa kanuni ya namna hiyo na wewe hata hujui kama kuna kitu kimechaguliwa. Kwahivo chora kwa upana tofauti tofauti, kinachobaki palepale kwenye michoro yote ndo umbo, kinachokuja na kuondoka usikiandike.

Tano tano yako iache, iko vizuri.

bint_Langoni

Mashallah, shukran sana nyote, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeandika hivi, niangalizieni:

"Mgawanyo wa kilo za samaki kwa vyombo 25 vilivyoshusha samaki siku hiyo una kilele kimoja kati ya kilo 5 na 9, na mkia mrefu upande wa kulia. Nusu ya vyombo ilileta kilo 8 au chini, na nusu ya katikati iko kati ya kilo 6 na 14. Wastani ni kilo 12.64, umevutwa juu na vyombo vichache vilivyopata sana, kwahivo mediani inaeleza vizuri zaidi mavuno ya chombo cha kawaida. Chombo kimoja kilileta kilo 68, kiko mbali na vingine, kati yake na kinachofuata kuna pengo la kilo 37."

Kisha nina swali. Kwahivo ni sheria kwamba wastani ukizidi mediani basi mkia ni kulia, na ukiwa chini mkia ni kushoto? Manake kama ni hivo sina haja hata ya kuchora, nahesabu mbili tu namaliza. Na ile 31 nayo ni ya kuitaja?

maalim_hesabu

Maelezo yako mazuri sana mwanangu, hapo alama zako unazo. Swali liliwataka mchore na mchoro ukauona kwanza, shikilia huo mwendo.

31 tuiangalie kwa kanuni ya Tukey. Tofauti ya robo zako ni 8, mara moja na nusu ni 12, jumlisha kwenye robo ya tatu, 14 na 12 ni 26. Kila kilichopita 26 kinawekewa alama, kwahivo 31 na 68 zote zinaingia. Upande wa chini 6 toa 12 ni chini ya sifuri, hakuna. Sasa kanuni imezitia zote kapu moja lakini wewe una macho. 17, 20, 24, 31, hizo zinafuatana zinaachana kidogo kidogo, ni mkia unaendelea. 68 imeruka. Unaweza kuandika kwamba kanuni inazionyesha mbili ila 31 ni mwendelezo wa mkia na 68 ndo iko peke yake. Kanuni inakuonyesha pa kutazama, ikishakuonyesha kazi ya kutazama ni yako.

Na ukitaka kujua 68 ina nguvu gani, hesabu bila yake, usiitoe kwenye kazi, hesabu pembeni tu. 248 kwa 24 ni 10.33. Wastani umeshuka zaidi ya kilo mbili kwa chombo kimoja tu. Mediani? Ya 12 na ya 13 zote ni 8, haijatikisika.

Kuhusu sheria, hapana, na usiache kuchora. Kwa data nyingi inakuwa hivo lakini si sheria. Chukulia mtaa wenye nyumba 20, unahesabu watu wazima kila nyumba. Nyumba 8 zina mmoja, 9 zina wawili, 2 zina watatu, moja ina watano. Ukichora, mkia uko kulia, wazi kabisa, hakuna wa kukataa. Mediani ni 2. Wastani, 8 na 18 na 6 na 5 jumla 37, kwa 20 ni 1.85. Wastani uko chini ya mediani na mkia ni kulia. Hutokea hasa kwa data za kuhesabu zenye thamani chache, manake mediani inakwama kwenye namba kamili haiwezi kusogea kidogo kidogo. Hesabu mbili zingekupeleka upande usio.

msomaji_wa_Shela

Mbona mnazungumzia mkia tu? Naomba niseme kuhusu vilele viwili manake ndo umbo ninalolipenda kuliko yote, kila nikiliona najua kuna kitu kimefichwa ndani ya data.

Mwana wa nahodha amesema mitumbwi na boti za mashine zimechanganywa. Sasa kama zingekuwa nyingi kwa nyingi, mitumbwi mingi na boti nyingi, usingepata mkia, ungepata nundu mbili, moja kwenye kilo chache na moja kwenye kilo nyingi na bonde katikati. Hapo ukisema wastani ni kiasi fulani umetaja kilo ambazo karibu hakuna chombo kilichozileta. Dawa yake si kutafuta namba nzuri zaidi ya katikati, ni kuzitenganisha uchore mbili.

Na kuna kisa cha kweli cha hili ambacho kwetu sisi watu wa pwani kinaingia moyoni, ni cha kaa. Mwaka 1893 mwanabiolojia wa Uingereza, Weldon, alichapisha vipimo vya kaa majike 1,000 kutoka Ghuba ya Napoli, Italia, alikuwa amepima sehemu nyingi za mwili. Karibu zote zikitoka mlima mmoja wenye pande zinazofanana, ule wanaouita wa kengele, isipokuwa upana wa paji. Huo ulitoka umelalia upande. Weldon akaona labda hapa kuna aina mbili za kaa zimechanganyika kwenye kapu moja. Rafiki yake Karl Pearson, ndo huyohuyo aliyeleta jina histogramu, mwaka 1894 akakaa akautenganisha ule mchoro mmoja kuwa milima miwili ya kengele iliyopandana, na kufika huko ilibidi atafute majibu ya mlinganyo wenye kipeo cha tisa, kwa mkono, kompyuta hakuna. Mtu amefanya kazi yote hiyo kwa sababu ya umbo tu! Angechukua wastani wa paji na kuandika namba moja, hakuna kitu kingeonekana.

Ndo mana inaniudhi kuona vitabu vya mwanzo vinalipitisha umbo kwa nusu ukurasa halafu vinakimbilia fomula.

Angalia pia milima miwili si lazima ionekane kama miwili. Ya kaa wale ilikaribiana, ikaonekana kama mmoja uliopinda. Kwahivo hata mkia wa kulia wa bint Langoni unaweza kuwa ni mchanganyiko, huwezi kujua mpaka upate aina ya chombo.

Mgeni_Mambrui

Samahanini nadandia uzi. Mimi pia nina zoezi la umbo, nimechora mvua ya hapa Malindi kwa miezi 12, Januari mpaka Disemba, nguzo ya kila mwezi. Januari na Februari chini kabisa, inapanda Aprili, Mei ndo juu, kisha inashuka, halafu kuelekea mwisho wa mwaka inanyanyuka kidogo tena. Nimeandika vilele viwili na mkia wa kulia. Sawa?

Kolekole_MLD

Hapana kakangu, na usione vibaya, hili linawapata wengi mno manake michoro inafanana kwa sura. Huo wako ni mchoro wa muda. Mhimili wa chini una miezi, na miezi imekaa kwa mpangilio wa kalenda. Ulichoeleza ni majira, kwamba masika kwetu kilele chake ni Mei na vuli ni ndogo, ni habari ya kweli na ya maana lakini si umbo la mgawanyo. Anzisha mwaka wako Julai badala ya Januari, nguzo zilezile hazijaguswa, na Mei itakuwa imehamia upande wa kulia, "mkia" wako umegeuka. Mkia wa kweli haugeuki kwa kubadilisha mwezi wa kuanzia.

Vivyo hivyo mtu akichora nguzo za aina za samaki, changu wangapi, tafi wangapi, kolekole wangapi, hapo hakuna kulia wala kushoto kwa sababu ukipanga kwa alfabeti ni sawa na ukipanga kwa bei ni sawa. Umbo linakuwepo tu pale mhimili wa chini ni namba zenyewe ulizopima.

Miezi 12 ni michache kuona umbo. Kama unaweza kupata mvua ya kila siku kwa mwaka mzima, chora hiyo, chini weka milimita, juu weka idadi ya siku. Utaona siku nyingi mno zimerundikana kwenye sifuri, siku hazijanyesha kabisa, halafu zinapungua kwa kasi kuelekea kulia na siku chache za mvua kubwa kule mbali. Kwa data ya namna hiyo eleza kwanza siku ngapi ni sifuri, halafu zichore peke yake zile zilizonyesha, ukizichanganya ile nguzo ya sifuri inazifunika zingine zote.

mwana_wa_nahodha

Na kama mnataka umbo la ajabu kabisa tazameni maji. Chukua siku moja ya bamvua, kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Kanuni ya mabaharia inasema saa ya kwanza maji yanapanda sehemu moja ya 12, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Yaani mwanzo na mwisho maji yanaenda polepole, katikati yanakimbia. Sasa ukisimama gatini ukaandika kina cha maji kila dakika kumi siku nzima halafu ukachora histogramu, namba zitarundikana kule chini na kule juu, katikati zitakuwa chache, kwa sababu katikati maji hayakai. Linatoka bonde, nguzo ndefu pande zote mbili. Pande mbili zinafanana kwahivo wastani na mediani zinakaa karibu sehemu moja, katikati kabisa, na hapo katikati ndo kina ambacho maji yanakaa muda mfupi kuliko vyote. Mtu anayeingiza jahazi kwenye mlango kwa kutegemea wastani wa kina atapanda mwamba.

Ila chukua siku moja tu. Ukikusanya mwezi mzima unachanganya bamvua na maji mafu, na maji mafu yanapanda kidogo na kushuka kidogo, yanaanza kujaza lile bonde.

Mgeni_Mambrui

Nimeelewa, nitaomba mvua ya kila siku nichore upya. Kwa upande wa sifuri, kuna siku wameandika alama ya nyota badala ya namba, nizihesabu kama sifuri?

maalim_hesabu

Usizihesabu kama sifuri mpaka uliyempa ombi akuambie nyota ni nini. Inaweza kuwa mvua ndogo sana isiyopimika, inaweza kuwa siku ambayo hakuna aliyesoma kipimo, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kwanza iko karibu na sifuri, ya pili haipo popote kwenye mchoro. Ukishajua, andika chini ya mchoro ni siku ngapi zimekosekana, na mhimili wa chini uandike milimita.